Mwakilishi Aliyerudi na Jibu

Katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mtu anayechaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi hulipwa dola 200. Hizo ni za kipindi chake chote cha miaka 2, yaani dola 100 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa kwenye katiba ya jimbo mwaka 1889 na hakijaguswa hadi leo. Hurudishiwa pia gharama ya safari za kwenda vikaoni. Hana ofisi yake, hana katibu, hana dereva. Ukitafuta namba yake ya simu kwenye orodha ya Baraza, mara nyingi utakuta ni ya nyumbani kwake, na atakayepokea anaweza kuwa mumewe au mjukuu aliyekuja kula chakula cha jioni.

Nimeishi Manchester, mji mkubwa kuliko yote jimboni humo, muda wa kutosha kuzoea mengi ya Wamarekani, lakini jambo hili la wawakilishi bado hunifikirisha. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Utotoni mbunge tulimwona kwa mbali: gari limepita, vumbi limetimka, sisi watoto tunalikimbilia, na wazee wanabaki wakiulizana kama amesema lolote kuhusu maji. Huku, mtu anayepiga kura kutunga sheria za jimbo anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Asubuhi za Januari namwona akikwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla hajaondoka kwenda Concord, makao makuu ya jimbo, mwendo wa kama nusu saa.

Baraza hilo lina watu 400. Jimbo zima lina wakazi wapatao milioni 1.4, kwa hiyo kila mwakilishi anabeba watu kama 3,500. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 kwa nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Ndiyo maana, nilipotaka kumweleza mama yangu kwa simu kazi ya mwakilishi wa huku, sikumtajia mbunge. Nilimwambia amfikirie balozi wa nyumba kumi ambaye kila wiki anapanda gari kwenda kutunga sheria, na jioni anarudi kulala kwenye nyumba zake kumi. Alielewa papo hapo, akauliza: “Sasa akirudi anawaambia nini?”

Nimetembea na swali hilo la mama kwa muda mrefu. Nimewapima kwalo viongozi, na watu wengi wasio viongozi, nikiwemo mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni ukalimani. Wengi ninaowahudumia ni Wakongo waliokaa miaka mingi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 humo humo wilayani Kasulu. Tulikuwa majirani bila kujuana, tukaja kujuana kwenye vyumba vya kusubiria daktari, upande wa pili wa dunia. Wanafika Manchester na watoto wao na bahasha za karatasi za safari, wanatafutiwa pa kuishi, na pa kuishi panapopatikana kwa mtu asiye na kitu ni kwenye nyumba za zamani.

Nyumba hizo zina historia yake. Manchester ilikuzwa na viwanda vya nguo vya Amoskeag, kando ya mto Merrimack, na nyumba za mbao za ghorofa tatu walimopanga wafanyakazi wa zama hizo bado zimesimama na bado zinapangishwa. Kuta zimepakwa rangi juu ya rangi, kizazi baada ya kizazi. Rangi za chini zina madini ya risasi, maana Marekani haikuipiga marufuku rangi hiyo majumbani hadi mwaka 1978. Ukifungua na kufunga dirisha la zamani, mbao zinasuguana na vumbi laini linadondoka ukingoni. Mtoto anayejifunza kusimama hushika ukingo huo huo, kisha huweka vidole mdomoni. Risasi inaingia kwenye damu bila homa wala kikohozi ambacho kingemshtua mama, na inakwenda kuharibu ubongo unaokua.

Mwaka 2000, mtoto wa miaka 2 wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan alikufa kwa sumu hiyo hapa Manchester, wiki chache baada ya kufika Marekani. Kilikuwa kifo cha kwanza cha mtoto kwa sumu ya risasi kuripotiwa nchini humo kwa takriban miaka 10. Wazazi waliovuka nchi na nchi wakimlinda mtoto walikuja kumpoteza baada ya kufika walikodhani ni salama. Kifo hicho kilichangia mamlaka za afya za Marekani kutoa mwongozo kwamba watoto wa wakimbizi wapimwe wanapofika, na wapimwe tena miezi kadhaa baadaye, kwa sababu baadhi yao sumu huwapata wakiwa tayari huku.

Sheria ya jimbo inayotaka kila mtoto apimwe damu akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2 ilisainiwa na gavana Chris Sununu mwaka 2018. Hatua nyingine zilichukuliwa katikati, lakini hiyo ndiyo iliyogusa kila mtoto. Mtoto yule, kama angeishi, angekuwa na miaka 20. Sheria hiyo hiyo ilishusha kiwango cha risasi kinacholifanya jimbo liingilie kati na kumbana mwenye nyumba: kutoka maikrogramu 10 kwa kila desilita ya damu hadi 7.5 mwaka 2019, kisha 5 mwaka 2021. Ukizisoma kwenye karatasi, namba hizo hazisemi kitu. Kwa mama ambaye mwanawe amekutwa na 6, ndizo zinazoamua kama mkaguzi atakuja kupiga hodi.

Nimewaona akina mama wenye haki hiyo mikononi wasiojua kwamba wanayo. Daktari anasema kwa haraka kwamba mtoto atatolewa damu kidogo, mama anaitikia kwa kichwa kwa heshima, na anaondoka akidhani ni mambo ya kawaida ya hospitali. Majibu yakija kwa barua ya Kiingereza, barua inawekwa juu ya kabati. Sheria nzuri inaweza kupitishwa kwa kura nyingi, ikasainiwa mbele ya kamera, na isimfikie mtu iliyemkusudia.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi ya mwakilishi wetu. Ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya juu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto wengi. Alinipigia simu akasema anataka kuzungumza na akina mama wa Kiswahili juu ya risasi kwenye nyumba, na kabla ya lolote aliniuliza wao wenyewe huwa wanauliza nini. Nilimweleza habari ya barua juu ya kabati. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema basi hatutaanza na sheria, tutaanza na barua.

Walikutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Walimwita Mheshimiwa, kama tulivyolelewa, naye akaomba aitwe kwa jina lake. Hakuna aliyemtii, na nadhani walifanya vyema, kwa sababu heshima ile ilikuwa mali yao nao ndio walioamua kuitoa. Alikuwa na vipeperushi nilivyomtafsiria wiki moja kabla, lakini hakuvigawa kwanza. Alikwenda dirishani, akalifungua, akalifunga, akapitisha kidole kwenye ukingo, akawaonyesha vumbi. Halafu akatoa barua ya majibu ya damu isiyo na jina, akatuonyesha mahali namba inapoandikwa. Akaeleza: ikiwa 5 au zaidi, hivi ndivyo jimbo linavyopaswa kufanya, ikiwa chini ya hapo, futeni madirisha kwa kitambaa chenye maji, msikwangue rangi, mtoto anawe mikono kabla ya kula, na mumpe vyakula vyenye madini ya chuma. Akina mama walipiga picha ile barua kwa simu zao. Kipeperushi walikuja kukichukua baadaye wakijua wanakichukulia nini.

Nimekalimani mikutano mingi ya maofisa, na wengi wao huja kutoa taarifa kama mtu anayetua mzigo: nimesema, nimemaliza, tieni saini hapa kwamba nimewaambia. Yule alikuwa anataka tujue. Unaona tofauti hiyo kwenye macho ya mtu anayesubiri ukalimani umalizike ili asikie swali linalokuja.

Swali gumu kuliko yote halikuhusu risasi. Mama mmoja, mwenye watoto wanne, alisimama akasema mumewe bado yuko Nyarugusu, faili lake limekwama, na kama Mheshimiwa anatunga sheria basi amsaidie aje. Ukumbi ulinyamaza. Nilitafsiri huku nikijua kwamba uhamiaji ni mambo ya serikali ya shirikisho huko Washington, na kwamba mwakilishi wa jimbo hana hata kalamu ya kugusa faili hilo. Nimewaona wanasiasa wakijibu swali la namna hii kwa maneno matamu kama “nitalifuatilia”, halafu muulizaji anakaa miezi akisubiri kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Mwakilishi alisema: “Mama, sina mamlaka juu ya jambo hilo. Nikikuahidi, nitakuwa nimekudanganya.” Akaeleza kwa ufupi nani ana mamlaka: wabunge wa Bunge la Marekani wana watumishi ambao kazi yao ni kufuatilia mafaili ya namna hiyo. Akaandika namba ya ofisi iliyo karibu, akaniomba niende na mama yule kuwapigia Jumatatu. Wiki iliyofuata alinipigia kuuliza kama walipokea simu. Walikuwa wamepokea.

Faili halikusogea. Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wote wa kupokea wakimbizi, na wale waliokuwa wakisubiri Nyarugusu wakabaki wakisubiri. Hakuna mwakilishi wa jimbo awezaye kuibadilisha amri hiyo. Lakini mama yule aliendelea kuja kwenye mikutano, tena mstari wa mbele. Nilimuuliza kwa nini, maana wengine katika hali yake hukata tamaa na kila mwenye cheo. Akanijibu, “Dada, huyu aliniambia hawezi. Kwa hiyo akisema anaweza, ninamwamini.”

Maneno hayo nayarudia kichwani kila ninapotaka kumpa mtu ahadi ya kumridhisha tu.

Mambo ya Concord nayo yanahitaji kuelezwa, kwa sababu nimeona yakiwabadilisha watu. Jengo la Baraza lilikamilika mwaka 1819, na wajumbe bado wanakaa katika kumbi zile zile za mwanzo. Kwa utaratibu wa jimbo hilo, kila muswada husikilizwa hadharani katika kamati, kamati hutoa pendekezo lake, na Baraza zima hupiga kura. Muswada haufii kwenye droo ya mwenyekiti, kama inavyotokea katika mabunge mengine ya Marekani. Mtu yeyote anaweza kwenda kuusemea au kuupinga. Unajaza kadi, unasubiri jina lako, unapewa dakika chache. Katiba yao, inayotumika tangu mwaka 1784, inatamka kwamba wananchi wana haki ya kukusanyika kwa amani, kushauriana juu ya manufaa ya wote, na kuwapa wawakilishi wao maagizo. Sijasoma katiba nyingine inayosema wazi namna hiyo kwamba mwakilishi ni mtu wa kuagizwa.

Haki hiyo ina mlango mmoja tu, nao ni ratiba. Kalenda ya Baraza hutoka kila wiki ikionyesha muswada gani utasikilizwa lini, chumba gani, saa ngapi. Asiyeipata kalenda hana tofauti na aliyekatazwa kuingia. Mwakilishi wetu huipitia, huchagua yale yanayowagusa watu wa kata yetu, huyaandika upya kwa lugha ya kawaida, na kunitumia kabla ya Ijumaa. Ninayatafsiri na kuyasoma kwa sauti kwenye simu, kwa sababu wengi hupenda kusikia kuliko kusoma, na sauti hiyo husambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Hailipwi kazi hiyo na jimbo wala na mtu mwingine. Lakini ndiyo iliyomfanya mama wa watoto wanne apande gari langu siku moja ya Februari kwenda kusema mbele ya kamati.

Muswada ulihusu wapangaji: ulitaka mtu apewe notisi ndefu zaidi kabla ya kutakiwa kuhama. Alikuwa amejiandaa kwa maneno machache, na aliyasema akiwa amekaa wima, mikono yote miwili mezani. Aliwaambia kwamba kuhama na watoto wanne kwa siku thelathini ni kuhamisha shule, na daktari, na usingizi. Mwenyekiti alituongezea muda kwa ajili ya ukalimani bila kuombwa. Mjumbe mmoja, ambaye baadaye nilijua anapinga muswada, aliuliza swali la kweli na kusikiliza jibu lote. Tulipotoka, mama alisimama kwenye ngazi akavuta pumzi na kusema hajawahi kuongea na serikali akiwa amekaa kwenye kiti.

Muswada ulianguka.

Mwakilishi alikuja mwenyewe kutuambia, Jumamosi moja, kwenye ukumbi ule ule wa kanisa. Alisema umeshindwa. Akataja kura za ndiyo na za hapana, akasema yeye alipiga ya ndiyo. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaeleza kwa haki kabisa kwa nini wenzake waliukataa. Akasema wengi wa wenye nyumba hapa si makampuni, ni watu wenye nyumba moja ya urithi, wanaolipa kodi kubwa ya majengo, maana jimbo hili halitozi kodi ya mishahara wala kodi ya jumla ya mauzo, na mzigo mkubwa umewaangukia wenye majengo. Mpangaji asipolipa kwa miezi kadhaa, mwenye nyumba wa namna hiyo anaweza kupoteza nyumba yenyewe. “Sikubaliani na hesabu yao,” alisema, “lakini si watu wabaya.” Akina mama walisikiliza. Mmoja akauliza kama kuna njia ya kuwaombea muda wenye watoto wa shule peke yao. Mwakilishi akachukua kalamu.

Nimefikiri sana juu ya dakika ile. Kwa kurudi na habari mbaya, alituleta ndani ya mjadala. Angekaa kimya, tungebaki na hasira isiyo na anwani, tukisema serikali haitujali. Kwa kutueleza sababu za upande wa pili bila dharau, alitupa kitu cha kufanyia kazi.

Si wote 400 walio hivyo. Wapo wawakilishi ambao watu wao hawajawahi kusikia neno kutoka kwao tangu siku ya uchaguzi. Na hata Baraza lenyewe limewahi kutoa jibu kwa namna inayoumiza. Mwaka 2015 watoto wa darasa la nne kutoka mji wa Hampton Falls walipendekeza kipanga mwenye mkia mwekundu awe ndege rasmi mwindaji wa jimbo. Muswada wao ulipita kwenye kamati, wakaja Concord na mwalimu wao kushuhudia kura. Wakiwa wamekaa juu kwenye jukwaa la wageni, walisikia watu wazima wakisimama mmoja baada ya mwingine kuudhihaki, na ukakataliwa mbele ya macho yao. Kuukataa muswada hakuna ubaya. Jimbo linaweza kuishi bila kipanga rasmi. Kosa ni kumfanyia kejeli mtu aliyekuja kwa adabu kuomba. Muswada kama huo ulirudi mwaka 2019, ukapita, ukasainiwa, wakati wale watoto walikuwa wamekwisha kuwa vijana. Natumaini wapo miongoni mwao waliokumbuka kwamba kukataliwa mara ya kwanza hakukuwa mwisho.

Sisi tulio ughaibuni tunajua ukimya kuliko watu wengi. Simu inakuja kutoka nyumbani: ada ya shule, bati za nyumba, matibabu ya mjomba. Mwezi huo huna kitu. Na kwa sababu kusema “sina” ni uchungu, watu hunyamaza. Ujumbe unasomwa, alama mbili za buluu zinaonekana, siku zinapita. Aliye nyumbani haoni kodi ya pango wala bili ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi; anaona alama mbili za buluu tu. Nimekaa na familia ambazo udugu wao umekatika kwa namna hiyo, na katika nyingi ya hizo fedha haikuwa kiini. Mdogo mtu alikuwa tayari kusikia hapana. Hakuwa tayari kutojibiwa.

Nilichojifunza kwa mwakilishi nimekileta nyumbani kwangu. Mama anaponiambia jambo ambalo siwezi, namwambia siwezi, namwambia kwa nini, na namwambia nani mwingine tumwulize. Nikisema nitampigia Jumapili, napiga Jumapili hata kama sina jipya. Kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana, mweka hazina husoma mbele ya wanachama kila ombi lililokataliwa pamoja na sababu yake, kabla ya kusoma yaliyokubaliwa. Mwanzoni wazee walihofia kwamba kutaja hapana hadharani kutaleta fedheha. Kilichotokea ni kwamba watu wamepunguza minong’ono, kwa sababu minong’ono ilikuwa ikizaliwa pale ambapo hakuna aliyeeleza.

Na kuna upande mwingine wa jambo hili ambao viongozi huulalamikia wakiwa faraghani: kwamba watu hawataki kujua, wanataka kupewa. Siamini. Nimeona akina mama waliotoka kazini kwenye zamu ya usiku wakikaa kwenye viti vya plastiki kusikiliza habari za maikrogramu. Watu huacha kuuliza wanapogundua kwamba maswali yao hayaendi popote. Yakianza kurudi na majibu, wanauliza zaidi, na maswali yanakuwa bora. Kenya imeandika ushirikishwaji wa wananchi katika Ibara ya 118 ya katiba yake ya 2010, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mwananchi aliyetoa maoni yake kwenye ukumbi wa kaunti ana haki pia ya kuambiwa maoni yale yalifanyiwa nini.

Zile dola 200 nazo zinaniuma. Wanaozisifu husema zinazuia tamaa, na kuna ukweli humo: hakuna anayegombea ili atajirike. Lakini zinachuja pia. Mtu anayelipwa kwa saa kwenye ghala la mizigo hawezi kuacha kazi katikati ya wiki, kuanzia Januari hadi Juni, kwa dola 100 za mwaka. Ndiyo maana viti vingi vinakaliwa na wastaafu na wenye kipato kingine. Wanaobaki nje ni wale wale wanaoishi kwenye nyumba zenye rangi za zamani. Safiya Wazir, aliyekimbia Afghanistan akiwa mtoto na kukaa miaka 10 Uzbekistan kabla ya kufika New Hampshire mwaka 2007, alichaguliwa kuwakilisha Concord mwaka 2018 akiwa na miaka 27 na watoto wadogo. Alikuwa mkimbizi wa kwanza kuingia katika Baraza hilo. Kila nikimtaja kwenye mikutano yetu, nawaona akina mama wakihesabu kimoyomoyo.

Mmoja alihesabu kwa sauti. Mama wa watoto wanne alikula kiapo cha uraia, na kwenye mkutano uliofuata alisimama akauliza nani anaruhusiwa kugombea kiti cha mwakilishi. Mwalimu mstaafu hakuonyesha kushangaa. Alimweleza: uwe mpiga kura, uwe umeishi jimboni miaka 2, ujiandikishe mwezi wa sita, na ada yake ni dola 2. Mama akaniomba nirudie hiyo ada, nikairudia. Kisha akauliza vikao huanza saa ngapi.

“Saa nne asubuhi. Siku nyingine vinakwenda hadi usiku.”

“Mwanangu wa mwisho anatoka shule saa tisa,” alisema. “Nitahitaji mtu wa kumpokea.”

Wanawake wawili waliinua mikono kabla sijamaliza kumtafsiria mwakilishi.